Pambano Dogo Ndilo Linalokuza Ngumi

(Hotuba hii ilitolewa Mbeya mbele ya makocha, mabondia, wazazi na waandaaji wa mapambano kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wa ngumi, mabondia, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu kuja kuketi hapa, habari za mchana. Ndugu zetu mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wenyeji wetu wa Mbeya, ndaga fijo kwa kutupokea. Vijana wa Tukuyu naona mmejibanza nyuma kabisa. Sogeeni mbele, maana mengi nitakayosema yanawahusu ninyi.

Naanza na swali linaloulizwa kwenye kila kijiwe chenye televisheni. Ngumi za kulipwa zinapanda au zinashuka? Mmoja atakwambia zilikufa siku Mike Tyson alipochoka. Mwingine atakwambia hazijawahi kuwa na watazamaji kama sasa. Nani mkweli?

Wote wawili wameona kitu. Kule juu, kwenye mapambano makubwa, watu wamejaa na fedha zimejaa. Huku chini, kijana anapopanda ulingoni kwa mara ya kwanza kupigana raundi nne, pamekauka. Ndiyo maana nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: ngumi haikuzwi na pambano kubwa. Inakuzwa na pambano dogo lililoandaliwa sawasawa.

Tutazame kwanza kule juu, halafu tushuke nyumbani.

Tarehe 22 Januari 1973, kule Kingston, Jamaica, George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Pambano lile lilionyeshwa na kituo kichanga cha Marekani kilichoitwa HBO. Kuanzia pale, kwa miaka 45, ukitaja ngumi kubwa Marekani umeitaja HBO. Mwishoni mwa 2018 kituo hicho kikafunga mlango, hakionyeshi ngumi tena. Mwishoni mwa 2023 Showtime nao wakaondoka. Mtu angesema basi, mchezo umezikwa.

Haukuzikwa, ulibadilisha mwenyeji. Tarehe 18 Mei 2024 Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury na kukusanya mikanda yote ya uzito wa juu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Pambano lilifanyika wapi? London? Las Vegas? Lilifanyika Riyadh, Saudi Arabia. Septemba 2025 Terence Crawford alimshinda Canelo Álvarez Las Vegas, uwanjani watu zaidi ya 70,000, na ulimwengu mzima ukatazama kupitia Netflix bila kulipia pambano peke yake. Julai mwaka huohuo, Katie Taylor na Amanda Serrano walipigana kwa mara ya tatu kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, na usiku ule mapambano yote yalikuwa ya wanawake. Dada zangu mliopo hapa, hilo lishikeni.

Lakini tazameni na upande wa pili. Novemba 2024, Mike Tyson mwenye miaka 58 alipigana na Jake Paul, aliyepata jina kwenye YouTube, mwenye miaka 27. Raundi nane za dakika mbilimbili, glovu za aunsi 14. Anayejua ngumi anajua maana yake: wanaume hupigana raundi za dakika tatu, na uzito wa juu huvaa glovu za aunsi 10. Watu waliojaa uwanjani walikwenda kuona jina. Na jina haliachi mrithi. Likiondoka, ukumbi unabaki mtupu.

Ongezeni fujo ya mikanda. Madaraja ya uzito ya kawaida ni 17. Mashirika makubwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Piga hesabu: nafasi 68 za ubingwa wa dunia, bado hujahesabu mikanda ya muda, ya mabara na ile inayotungwa kila mwaka. Shabiki wa kawaida afuate upi? Ndiyo maana hafuati mkanda, anafuata mtu.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, katika mapambano ya utangulizi ya usiku wa Amir Khan. Mpinzani wake, Sam Eggington, alikuwa Mwingereza anayepigana kwao. Waliomleta Mwakinyo hawakumleta ashinde. Raundi ya pili mwamuzi akasimamisha pambano, Eggington hoi. Wiki ile hapa kwetu hata asiyejua tofauti ya jaji na mwamuzi alizungumza ngumi. Nataka mlione vizuri hili: usiku uliowaamsha Watanzania ulikuwa wa pambano la utangulizi. Lilikuwa pambano dogo kwenye usiku wa mtu mwingine.

Baada ya pale televisheni zikaingia, wadhamini wakaanza kupokea simu, neno vitasa, yaani ngumi, likahama mitaani likaingia kwenye matangazo. Halafu akaja Karim Mandonga, Mtu Kazi, na kutufundisha somo jingine: mdomo unajaza ukumbi. Alibatiza ngumi yake Sugunyo, akaenda nayo Nairobi Januari 2023, akamshinda Daniel Wanyonyi, na Kenya nzima ikaimba neno hilo. Wapo walimu wanaomkunjia uso. Mimi simkunjii. Aliwaleta ukumbini watu ambao sisi tulishindwa kuwaleta. Kazi inayobaki ni yetu: waliokuja kwa ajili ya kicheko wakute ngumi ya kweli kwenye mapambano mengine saba ya usiku huo, ili warudi hata siku ambayo Mandonga hayupo.

Na Morogoro je? Morogoro si Dar es Salaam. Lakini kutoka Morogoro alitoka Francis Cheka, ambaye mwaka 2013 alimshinda Mmarekani Phil Williams pale ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, na kutwaa mkanda wa WBF, shirika jingine nje ya yale manne. Kutoka Morogoro hiyohiyo akaja Twaha Kiduku, na ushindani wake na Dulla Mbabe uligawa nchi kama Simba na Yanga. Tanga imetoa, Morogoro imetoa. Mbeya tuna watu, tuna vyakula, tuna milima ya kukimbia, tuna pumzi. Tumekosa nini?

Tumekosa ratiba. Kijana wa Mwanjelwa hapa Mbeya anafanya mazoezi miezi minane bila kupigana, kisha anapigiwa simu Jumatatu kwamba Jumamosi anahitajika Dar. Anakwenda kuwa daraja la mtu mwingine kuvukia.

Nizungumzie hapo hapo kupanga wapinzani, maana ndipo bondia anapojengwa au kuuawa. Usyk niliyemtaja, baada ya dhahabu ya Olimpiki ya London 2012, aliingia ngumi za kulipwa. Septemba 2016 alikwenda Gdańsk akamvua mkanda Krzysztof Głowacki mbele ya Wapolandi wenzake. Mwaka 2017 akamsimamisha Marco Huck Berlin. Januari 2018, Mairis Briedis, Riga. Julai 2018, Murat Gassiev, Moscow, na mikanda yote minne ya uzito wa cruiser, ulio chini ya uzito wa juu, ikawa yake. Novemba, Tony Bellew, Manchester. Kila mmoja alimfuata kwao. Angewezaje, kama walimu wake wangemlisha watu wa kuanguka?

Huku kwetu upo ugonjwa wa kupamba rekodi. Kijana anapangiwa watu kumi ambao hawajawahi kushinda, anasoma kumi bila kupoteza, anaitwa tishio. Siku anapokutana na mtu anayerudisha ngumi, hajui afanye nini, kwa sababu hajawahi kurudishiwa. Mwalimu, pambano la kwanza hadi la nne mtafutie mwenye uzoefu sawa na wake. La tano na la sita mtafutie mkongwe asiyepiga sana lakini mjanja, amchoshe, amfundishe kubanwa kwenye kamba. La saba mpe anayepiga. Kabla ya kukubali jina lolote, fungua BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, tazama mambo matatu: alipigana lini mwisho, alipoteza kwa namna gani, na kwa uzito gani. Aliyepoteza kwa KO (kuangushwa akashindwa kuinuka) wiki tano zilizopita huyo si mpinzani, huyo ni mgonjwa.

Na uzito usichukuliwe kwa mazoea. Kilo tatu kwa kijana wa kilo 51 ni karibu asilimia 6 ya mwili wake. Kilo hizohizo kwa mtu wa kilo 90 ni asilimia 3 na kidogo. Mnaposema "tofauti ni kilo tatu tu", semeni kwanza ni kilo tatu za nani.

Ndugu zangu, hapa kwenye uzito naomba mnivumilie, nitakaa sana.

Tarehe 2 Agosti 2025, katika ukumbi wa Korakuen, Tokyo, mabondia wawili walipigana usiku mmoja katika mapambano mawili tofauti. Shigetoshi Kotari alimaliza raundi 12, matokeo sare, kisha akaanguka. Hiromasa Urakawa alisimamishwa raundi ya nane. Wote walikuwa na miaka 28. Wote damu ilivujia kati ya ubongo na fuvu. Wote walifanyiwa upasuaji, na wote walifariki ndani ya wiki ile. Japani, nchi yenye madaktari, vifaa na nidhamu. Wasimamizi wa kule wakapunguza mapambano ya ubingwa wa ukanda wao kutoka raundi 12 hadi 10, na mjadala wa kukata maji mwilini ili kushusha uzito ukawaka upya. Zamani pia ilikuwa hivyo: Novemba 1982 Kim Duk-koo wa Korea Kusini alisimamishwa raundi ya 14 Las Vegas akafariki siku chache baadaye, na mapambano ya raundi 15 yakaanza kufutwa.

Kukata maji kunahusiana vipi na ubongo? Ubongo umekaa ndani ya maji. Ukimkausha bondia, maji hupungua mwili mzima, damu inakuwa nzito, moyo unakimbia, na madaktari wengi wanahofu kwamba ubongo uliokosa maji ya kutosha hutikisika zaidi ndani ya fuvu na mishipa midogo inayoushikilia huvutika. Hata tukiacha ubongo, bondia aliyepoteza asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho tayari pumzi yake imeshuka. Kwa kijana wa kilo 61.2 hiyo ni kilo moja na robo tu. Wangapi hapa wamewahi kukata kilo nne kwa siku mbili? Msinyooshe mikono, najua.

Sasa fanyeni hivi. WBC wana utaratibu kwa mapambano yao ya ubingwa: siku 30 kabla ya pambano bondia asizidi asilimia 10 ya uzito wake wa pambano, siku 7 kabla asizidi asilimia 5. Utaratibu huu hauna gharama, kocha yeyote anaweza kuutumia. Kwa uzito mwepesi wa kilo 61.2 hesabu ni hii: siku 30 kabla asizidi kilo 67.3; siku 7 kabla asizidi kilo 64.2. Akizidi siku ya 30, mna muda, punguzeni sukari, soda, chapati na mafuta, ongezeni mbio. Akizidi siku ya 7, piga simu omba uzito wa juu zaidi au vunja pambano. Usimpeleke.

Mizani yenu mnaiamini? Ijaribuni. Pima dumu tupu la lita 20, andika. Lijaze maji hadi alama ya lita 20, pima tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikiwa 19 na nusu, mizani inakudanganya, na utaligundua kwenye mizani ya kamisheni ukiwa umevua hadi chupi.

Siku tatu za mwisho punguzeni maharage, mahindi ya kuchoma na mboga nyingi za majani. Ni vyakula vizuri, lakini hukaa tumboni muda mrefu na vina uzito wake. Kuleni wali kidogo, yai, samaki, ndizi. Maji yaendelee kunywewa hadi siku moja kabla. Kukimbia na nailoni chini ya trakisuti, hapana. Vidonge vya kukojoza, hapana kabisa: ni hatari kwa moyo, na vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni.

Mkishapima uzito, kazi ndiyo inaanza. Kwa kila kilo moja aliyopoteza kwa jasho, anywe lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogokidogo, si kwa pupa. Kama hamna pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, tengenezeni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kisha wali, viazi vya kuchemsha, ndizi, asali. Kosa linalorudiwa kila Ijumaa ni chipsi kuku na soda mbili dakika kumi baada ya mizani. Tumbo lililokauka halipokei mafuta. Usiku anaharisha, Jumamosi miguu haipo.

Na safari jamani. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Bondia anapanda basi Alhamisi usiku, hanywi maji kwa sababu anabana uzito na hataki kusumbua dereva, anashuka Ijumaa asubuhi miguu imevimba, anapelekwa moja kwa moja kwenye mizani. Ameshapigwa kabla ya kengele. Ondokeni Jumanne, Jumatano ikichelewa sana. Na mkumbuke tunatoka mita 1,700 hivi kwenye baridi, tunashuka kwenye joto la pwani linalokamua jasho hata ukiwa umekaa. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Mkikosa siku hizo, basi zile wiki mbili za mwisho mazoezi yafanyike mchana wa jua, si alfajiri pekee, na maji yanywewe.

Upande wa pili, mgeni kutoka Tanga akija Mbeya au Njombe atakata pumzi raundi ya tatu. Hiyo ni faida yetu, lakini mwandaaji muungwana humwambia mgeni ukweli: aje mapema wiki mbili, au kama haiwezekani aje siku ile ya kupima uzito. Akija siku tatu au nne kabla, mara nyingi mwili unakuwa bado haujazoea.

Viatu, kinga ya meno na kinga ya nyonga viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiwekwe kwenye buti la basi wala mzigo wa ndege. Septemba 2022 Mwakinyo huyohuyo aliporudi Uingereza kupigana na Liam Smith, Liverpool, alisimamishwa raundi ya nne, na baadaye alieleza kwamba viatu alivyovaa vilimbana na kumuumiza. Miezi ya mazoezi, halafu mazungumzo yote yanabaki kwenye viatu.

Haya, tumefika usiku wa pambano. Nani yupo kando ya ulingo?

Lazima awepo daktari, na awe amewapima mabondia wote kabla, pamoja na majibu ya damu ya VVU na homa ya ini B na C, maana damu hurukia mdomoni na machoni. Lazima iwepo gari la wagonjwa lenye oksijeni na dereva asiyetoka kwenda kununua sigara. Gari likiondoka na bondia, mapambano yanasimama hadi gari jingine lifike. Mgeni rasmi atasubiri, watazamaji watapiga kelele, na ninyi mtasimama hapohapo. Asubuhi ya siku hiyo mwandaaji apige simu hospitali aulize: mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo inafanya kazi leo? Nani yupo zamu usiku? Kuuliza saa tano usiku mgonjwa akiwa kwenye machela ni kuchelewa.

Bondia aliyepigwa KO asilale peke yake usiku ule. Damu inayovuja polepole humwacha mtu azungumze vizuri saa kadhaa, atanie, ale, halafu ndipo ageuke. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyenzake, ulimi mzito, mkono au mguu mmoja kulegea, degedege: ukiona moja tu, hospitali. Asipewe vidonge vya maumivu akalale. Asipandishwe basi la usiku arudi kwao.

Mamlaka nyingi duniani humpumzisha bondia siku 30 hivi akisimamishwa na mwamuzi, na siku 60 au zaidi akipigwa KO. Siku hizo hapigani na hachezi sparingi, yaani ngumi za mazoezi. Sisi wa huku tuna mpaka wa Tunduma na wa Kasumulu, na ni rahisi mtu aliyepumzishwa huku kuvuka akapigane kule. Meneja anayemvusha bondia namna hiyo asikae na sisi.

Ulingo. Ndani ya kamba upande mmoja uwe kati ya mita 4.9 na 6.1. Kamba nne, kila upande zifungwe pamoja sehemu mbili kwa vitambaa imara ili zisipanuke, maana mtu akirushwa anatokea katikati na kuangukia meza ya majaji. Chini ya turubai kuwe na godoro gumu la sentimita mbili na nusu au zaidi. Turubai livutwe mpaka lisikunjike: mkunjo mmoja unatosha kuteguka kifundo. Kabla ya watu kuingia, wanaume wanne wazito warukeruke kila kona. Mbao ikilia, fungua uangalie. Msumari uliochomoza huwezi kuuona chini ya turubai, utauona kwenye goti la mtu.

Glovu ni aunsi 8 hadi uzito wa welter, yaani kilo 66.7, na aunsi 10 kuanzia hapo kwenda juu. Plasta isipite juu ya vifundo vya ngumi. Kila bondia afungwe mikono mbele ya mtu wa upande wa pili, na msimamizi asaini juu ya bandeji.

Muda nao tuupige hesabu, kwa sababu usiku unaoisha saa nane unaua biashara. Chukua mapambano manane: manne ya raundi nne, mawili ya raundi sita, moja la nane, kubwa la kumi. Jumla raundi 46. Pamoja na mapumziko ya dakika moja, ni karibu saa tatu. Ongeza dakika nane kwa kila pambano za kuingia na kutangaza, saa moja nyingine. Ukianza saa 12 jioni unamaliza saa 4 usiku, kama hakuna hotuba katikati. Viongozi wetu tunawaheshimu, tunawaomba wahutubie kabla ya pambano la kwanza. Juni na Julai Mbeya kuna baridi la kukata mifupa. Bondia akishapasha mwili dakika 25 halafu akasimamishwa ulingoni nusu saa asikilize salamu, misuli imelala. Anapigwa na baridi kwanza, ndipo apigwe na mpinzani.

Kwa tarehe, tazameni mifuko ya watu. Mpunga wa Usangu na Kyela ukishauzwa, viazi na mahindi yakishatoka, watu wana hela. Februari mvua inanyesha, ada za shule zimeshakomba kila kitu, nani atakuja? Na msipange siku ya Simba na Yanga.

Malipo sitayazungushia maneno. Fedha za mabondia zikabidhiwe kwa msimamizi kabla ya kupima uzito, zote, za utangulizi na za pambano kubwa. Kauli ya "tutalipana baada ya mlango" ndiyo imewaondoa vijana wengi kwenye mchezo huu kuliko ngumi zenyewe. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, utaje uzito, raundi, aunsi za glovu, malipo, nani analipa nauli na malazi, nani analipa vipimo, na bondia anapata nini mpinzani asipotokea akiwa ameshasafiri. Leseni za TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa Tanzania, ziwe mkononi, za bondia, meneja na mwandaaji. Mama, mwanao akikuletea karatasi isiyo na mambo hayo, usimruhusu aisaini.

Mashabiki nao waelezwe pointi, maana nusu ya ugomvi wa kumbi zetu unatoka hapo. Majaji ni watatu. Kila raundi mshindi hupata 10, mwenzake 9, na akiangushwa mara moja kwa kawaida 8. Anayesonga mbele huku anakula ngumi hajashinda raundi. MC alieleze hilo kabla ya pambano la kwanza, dakika mbili zinatosha.

Wala ngumi za ridhaa tusiziache. Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970, Michael Yombayomba dhahabu mwaka 1998, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike shaba mwaka 2022. Kijana apigane ridhaa kwanza, walau mara kumi na tano. Kule anajifunza kupoteza bila kuharibiwa.

Kwa hiyo makocha, tukubaliane leo. Maonyesho manne ya ngumi kwa mwaka katika mikoa yetu, kila moja la mapambano manane kama nilivyohesabu: moja Mbeya, moja Iringa, moja Njombe, la nne mtajadiliana. Kila klabu ilete majina, uzito na rekodi ya kweli, iliyopoteza na iliyoshinda. Kabla ya kuandika jina, tupate uzito.

Mizani ipo pale mlangoni, na dumu la maji lipo kando yake kwa asiyeiamini. Mabondia wote, wa kiume na wa kike, vueni viatu na makoti, mpite mmoja mmoja. Mwalimu wako asimame pembeni aone namba, uiandike kwenye daftari na tarehe ya leo. Tunaanza na wa kilo 51. Vijana wa Tukuyu, njooni.